Democrat au Republican Augusta: ulinganisho kwa mpiga kura Mswahili wa Maine

Maine ni jimbo la Marekani ambalo mgombea wa bunge la Augusta, makao makuu ya jimbo, huja mwenyewe kubisha hodi. Baraza la Wawakilishi la jimbo lina viti 151, na wakazi wa jimbo zima ni takriban milioni 1.4, kwa hiyo mbunge mmoja anawakilisha watu kama 9,000. Hiyo ni pungufu sana ya kata moja ya Dar es Salaam. Atakuja na kipeperushi mkononi, atauliza habari za watoto, na wengine wataomba dola tano.

Hiyo dola tano inawachanganya wengi. Kwetu mgombea ndiye anayetoa: kanga, fulana, chumvi, mafuta ya taa. Huku anayeomba ni yeye. Si utapeli. Maine ina mfuko wa umma wa kugharimia kampeni, uliopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Anayetaka kuutumia lazima kwanza akusanye michango ya dola tano kutoka kwa wapiga kura wa eneo lake: 60 kwa anayegombea Baraza la Wawakilishi, 175 kwa anayegombea Seneti ya jimbo. Akitimiza, anaendesha kampeni kwa fedha za mfuko na anajifunga kutochukua za matajiri. Hilo halimfanyi kuwa mbunge mzuri, ila linakuonyesha hana deni kwa nani. Na akija mtu wa kukupa wewe kitu ili upige kura, huyo anavunja sheria.

Makala haya ni ya wenzetu wa Portland, Lewiston na Westbrook waliokwisha kula kiapo cha uraia: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali Wabantu na wengine. Kama bado hujawa raia, hata kama una green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), usijiandikishe kupiga kura, hata kijana mwenye kalamu na fomu nje ya duka akikubembeleza vipi. Fomu hiyo inaweza kukufungia mlango wa uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Soma ili uwaeleze wanao wenye umri wa kupiga kura.

Kwanza, asikuahidi kisicho chake

Ahadi inayopigiwa makofi kuliko zote kwenye mikutano ya jamii yetu ni hii: "Nitahakikisha waomba hifadhi wanapata kibali cha kazi haraka." Inatoka kwa vyama vyote viwili, maana viwanda na nyumba za wazee za Maine zinalia kukosa wafanyakazi. Lakini sheria ya shirikisho ndiyo inayosema kibali hicho kisitolewe kabla ya siku 180 tangu maombi ya hifadhi yapokelewe. Augusta haiwezi kupunguza hata siku moja. Mbunge wa jimbo anaweza kuandika barua kwenda Washington, basi. Visa, green card na kesi za uhamiaji ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiwaweka wagombea wawili kwenye mizani, toa kwanza vitu hivyo vyote. Vinavyobaki ni nyumba, msaada wa mji, MaineCare (bima ya afya ya jimbo), kazi, shule, na jinsi polisi wa mji wako watakavyoshirikiana na maafisa wa uhamiaji. Hapo ndipo kura ya mbunge ina uzito.

Nyumba: hapa chama hakikuambii yote

Utafiti uliofanywa kwa ajili ya jimbo mwaka 2023 ulikadiria kwamba Maine inahitaji nyumba mpya kati ya 76,000 na 84,000 kufikia 2030. Kila mgombea atakuambia analijua hilo. Tofauti iko kwenye nani aamue nyumba zijengwe wapi.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria inayojulikana kama LD 2003 (LD na tarakimu zake ni namba ya muswada Augusta), iliyoletwa na Ryan Fecteau, Democrat aliyekuwa Spika wakati ule. Inailazimisha miji kuruhusu nyumba ndogo ya ziada kwenye kiwanja cha nyumba ya familia moja, na kwenye maeneo mengine nyumba mbili hadi nne kwenye kiwanja kimoja. Mwaka 2025 ikaongezwa nyingine, LD 1829, iliyobana zaidi masharti ya miji kuhusu ukubwa wa viwanja.

Mgombea wa Democrat kwa kawaida atatetea sheria hizi na kutaka fedha za jimbo ziingie kwenye nyumba za bei nafuu. Mgombea wa Republican kwa kawaida atasema mji ujiamulie wenyewe, na kwamba nyumba ni ghali kwa sababu ya kanuni nyingi za ujenzi, hivyo zipunguzwe. Lakini usikariri. Katika miji ya pwani yenye wenye nyumba wa kipato kizuri utakuta Democrat anayepinga jengo la ghorofa mtaani kwake, na Republican mwenye kampuni ya ujenzi anayelitaka. Swali la kumbana ni moja: "LD 2003 ungeipigia ndiyo au hapana?" Anayejibu kwa hadithi ndefu kuhusu "sura ya mji wetu" ameshajibu.

Kuhusu kodi ya pango, jimbo halina ukomo wa jumla. Portland wananchi walipiga kura mwaka 2020 kuweka ukomo wa nyongeza ya kila mwaka, South Portland ikafuata kwa namna yake mwaka 2023. Lewiston wewe na mwenye nyumba mnabaki na soko. Lakini ziko sheria za Augusta zinazokulinda popote ulipo. Chukua mfano wa barua ya mwenye nyumba. Unalipa dola 1,800 kwa mwezi. Akitaka kupandisha hadi 1,950, anatakiwa kukupa notisi ya siku 45. Akitaka kufika 1,980, hiyo ni asilimia 10 kamili, na notisi inakuwa siku 75. Mwezi mmoja wa kujipanga umetokana na kura za wabunge, na bunge lingine linaweza kuurefusha au kuuondoa. Muulize mgombea anaelekea wapi. Wa Democrat wengi wanaegemea upande wa mpangaji. Wa Republican wengi wanasema kila sheria ya namna hii inamfanya mwenye nyumba mdogo auze nyumba yake aondoke, na hoja hiyo si ya kupuuzwa kama na wewe umenunua nyumba ya ghorofa tatu Lewiston, unaishi chini na kupangisha juu. Wapo wenzetu wengi wa aina hiyo sasa.

Swali ambalo wagombea hawalitarajii ni la vyumba. Familia zetu ni kubwa. Majengo mapya ya bei nafuu mara nyingi ni ya chumba kimoja au viwili. Muulize kama yuko tayari fedha za jimbo ziwe na sharti la sehemu ya nyumba kuwa na vyumba vitatu au vinne. Mimi huwa napima umakini wa mgombea kwa swali hili kuliko lolote, kwa sababu hana jibu alilokariri.

Msaada wa mji: tofauti iliyo wazi kuliko zote

General Assistance, ambao kila mtu anauita GA, ndio mlango wa kwanza ambao wengi wetu tuliupitia. Unatolewa na mji, kwa vocha na si fedha taslimu: mji unamlipa mwenye nyumba, unamlipa mwenye duka. Jimbo linairudishia miji asilimia 70 ya gharama, mji unabeba 30. Wanaoomba hifadhi wanaruhusiwa kwa muda usiozidi miezi 24, kwa sheria ya mwaka 2015, iliyopita baada ya serikali ya gavana wa wakati ule, Paul LePage wa Republican, kujaribu kuwakatia kabisa.

Ukumbuke Juni 2019, watu zaidi ya 400, wengi kutoka Kongo na Angola, walipofika Portland ndani ya siku chache na mji ukawalaza kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, Expo. Mwaka 2023 Expo ikafunguliwa tena kwa wageni wapya. Tangu hapo GA imekuwa mada ya kila kampeni.

Upande wa Democrat, wapo wanaotaka jimbo liongeze sehemu yake ili miji kama Portland na Lewiston isibebe mzigo peke yake. Upande wa Republican, wanataka ukomo wa muda mfupi zaidi, na wengi wanasema wazi kwamba msaada unavuta watu kuja Maine. Lakini angalia, na hapa vipeperushi havisemi kweli yote: Gavana Janet Mills, ambaye ni Democrat, naye alipendekeza kuweka ukomo wa muda kwenye GA wakati wa mvutano wa bajeti ya 2025. Kwa hiyo mgombea wa Democrat akikuambia "chama changu kitalinda GA", mwulize yeye binafsi, siyo chama.

Na mwelewe mbinu za Augusta. Sheria ya kawaida huanza kutumika siku 90 baada ya Bunge kuahirishwa. Ili ianze mara moja inahitaji kura za theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila baraza. Mapema mwaka 2025 MaineCare ilikuwa na pengo la dola milioni 118. Democrat walikuwa na wingi, lakini si theluthi mbili. Republican wakazuia bajeti ya nyongeza, wakidai kwanza ukomo kwenye GA na sharti la kazi kwenye MaineCare. Malipo kwa hospitali na watoa huduma yakapunguzwa wakati wakubwa wanavutana, na mwishoni mwa Machi Democrat wakapitisha bajeti peke yao. Maana yake kwako ni kwamba chama kisicho na wingi pale Augusta bado kina mkono wa kushikia breki. Usidhani kumchagua mtu wa chama kidogo ni kumpeleka akakae kimya.

MaineCare: swali jipya kabisa

Wananchi wa Maine waliipanua MaineCare kwa kura yao mwaka 2017, LePage akaikataa, Mills akaianzisha alipoingia 2019. Tangu 2022 watoto na vijana chini ya miaka 21 pamoja na wajawazito wanapata bila kujali karatasi za uhamiaji. Hadi hapo ni historia. Democrat wanaitetea, Republican wanasema imekuwa kubwa kuliko mfuko wa jimbo.

Jipya ni hili. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inawaondoa kwenye fedha za shirikisho za Medicaid, programu ya kitaifa ambayo MaineCare ni sehemu yake, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata green card, kuanzia Oktoba 1, 2026. Na kufikia mwanzo wa 2027, watu wazima walioingia kwa upanuzi ule watatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea. Sharti la kazi ambalo Republican wa Augusta walikuwa wakilidai limeshakuja kutoka Washington, kwa hiyo mgombea anayelipinga au kulisifu kwa nguvu leo anapigana vita iliyokwisha.

Vita iliyobaki ni ya fedha. Jimbo litajaza pengo la mkimbizi aliyefika mwaka jana akiwa na kisukari, au halitajaza? Hili litaamuliwa na watu mnaowachagua Novemba 3, 2026. Usikubali jibu la "naunga mkono afya kwa wote". Muulize: fedha zitatoka wapi? Anayesema zitatoka kwa kupandisha kodi ya wenye kipato kikubwa amekupa jibu. Anayesema hazipo naye amekupa jibu. Wa tatu anayetabasamu na kubadilisha mada, mwandikie alama yake.

Liko jambo jingine ambalo halitajwi kwenye vipeperushi. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee na nyumba za walemavu, na mishahara hiyo inatoka kwa malipo ya MaineCare. Malipo yakipungua, saa za zamu zinapungua. Kwa hiyo hata ambaye hana kadi ya MaineCare mfukoni anaishi kwa MaineCare.

Likizo ya malipo, na duka lako

Sheria ya likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo ilipita 2023. Makato yalianza Januari 2025: asilimia moja ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Likizo yenyewe, hadi wiki 12, inaanza kulipwa Mei 2026. Democrat waliipitisha. Republican mwaka 2025 walileta miswada ya kuifuta au kuichelewesha, wakisema inawaumiza waajiri.

Kama una duka la vyakula vya Kiafrika na wafanyakazi sita, sikiliza vizuri kabla hujakasirika pamoja nao. Mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 15 halazimiki kulipa sehemu ya mwajiri. Anakata nusu asilimia ya mfanyakazi tu na kuipeleka. Kazi ya karatasi ipo, na hiyo ni kero halali ya kumweleza mgombea yeyote. Lakini kampuni ya utunzaji wa wazee yenye wafanyakazi 40, na baadhi ya hizo ni za wenzetu, inalipa, na mwenyewe ana haki ya kupima kura yake kwa hilo.

Polisi, uhamiaji na bunduki

Muswada LD 1971, ulioletwa na Deqa Dhalac wa South Portland, mmoja wa wabunge wa kwanza wenye asili ya Somalia katika Bunge la Maine, unaweka mipaka kwa polisi wa jimbo, wa kaunti na wa miji katika kufanya kazi za maafisa wa uhamiaji. Republican waliupinga. Gavana alisita kwa miezi, kisha Desemba 2025 akatangaza atauacha uwe sheria. Hapa mstari wa vyama ni mnyoofu. Kama jambo hili ndilo linalokunyima usingizi, huna haja ya kusoma zaidi. Uliza tu mgombea angeitetea sheria hiyo ikiletwa hoja ya kuifuta.

Bunduki ni kinyume chake. Baada ya watu 18 kuuawa Lewiston Oktoba 25, 2023, Bunge lilipitisha kungoja saa 72 kabla ya kukabidhiwa bunduki uliyonunua, na Democrat kadhaa wa vijijini waliikataa. Novemba 2025 wananchi wenyewe wakapitisha sheria inayoruhusu familia kwenda moja kwa moja mahakamani kuomba bunduki iondolewe kwa mtu wa hatari. Maine ni nchi ya wawindaji, chama pekee hakitoshi kukupa jibu.

Yaliyobaki kwa haraka:

| Jambo | Mgombea wa Democrat, kwa kawaida | Mgombea wa Republican, kwa kawaida |
|---|---|---|
| Chakula cha bure shuleni kwa wote (tangu sheria ya 2021) | Kibaki kama kilivyo | Wengi hawakigusi. Wachache wanataka kiwe cha wenye kipato kidogo |
| Mshahara wa chini, dola 15.10 kwa saa mwaka 2026 | Uendelee kupanda na bei za vitu | Upande polepole, waajiri wadogo wapumue |
| Kitambulisho cha picha kituoni | Walipinga hoja ya 2025, wananchi wakaikataa | Waliiunga mkono |
| Kodi ya majengo | Jimbo lichangie zaidi shule na miji | Punguza matumizi ya jimbo na ya miji |

Utajuaje kama anasema kweli

Kama mgombea tayari ni mbunge, rekodi yake ipo. Kila kura ya kuitwa majina katika Baraza na Seneti huwekwa kwenye tovuti ya Bunge la Maine, muswada kwa muswada. Andika LD 1971 au namba nyingine, utaona jina lake na alichopiga. Mwanao wa shule ya sekondari anaweza kukufanyia hilo kwa dakika tano. Mbunge anayejisifu kuwa rafiki wa wahamiaji na hakuwepo siku ya kura, utaona alikuwa hayupo.

Kama ni mgeni kwenye siasa, angalia alikotoka: diwani wa mji, mjumbe wa bodi ya shule, mwenye biashara. Bodi ya shule ina kumbukumbu za vikao, na huko ndiko alikosema kuhusu walimu wa Kiingereza kwa watoto wetu alipokuwa hajui kwamba atatuomba kura.

Maoni yangu, kwa ambaye ameyataka: mpangaji mwenye watoto wengi na ndugu waliofika juzi, vitu vinne kati ya vitano anavyovihitaji vimekuwa vikipigiwa kura na Democrat. Mwenye duka au nyumba ya kupangisha anayelemewa na kodi ya majengo atamkuta Republican anayezungumza lugha yake, na asione aibu kumsikiliza. Kwenye nyumba mpya, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, mpime mtu na uache rangi ya bango.

Siku yenyewe

Unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo ya kura, ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa unapoishi. Utapewa karatasi zaidi ya moja, na hapa wengi wanateleza. Kwa Seneti ya Marekani na Baraza la Wawakilishi la Marekani unapanga wagombea kwa namba, chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Kwa gavana na wabunge wa Augusta mwezi wa Novemba hakuna kupanga: unajaza kiduara kimoja tu. Ukijaza viwili, kura yako ya nafasi hiyo imeharibika. Mwombe msimamizi karatasi nyingine kabla hujaitumbukiza kwenye mashine, atakupa.

Karatasi ni ya Kiingereza. Kama huwezi kuisoma, sheria ya shirikisho inakuruhusu kuingia na msaidizi unayemchagua mwenyewe, awe mwanao, jirani au mtu wa kanisani au msikitini kwako, ilimradi asiwe mwajiri wako, mtu anayetumwa na mwajiri wako, wala afisa wa chama chako cha wafanyakazi.